Mondo Mbichi kwa Ajili ya Teke Moja

Jirani yangu hapa Rongo ameanza tabia ya kuanika mondo kwenye kamba ya nguo. Kamba yenyewe si yake, ni ya ploti nzima, na juzi nilizikuta mondo zake zimening'inia katikati ya shuka zangu mbili nilizokuwa nimezifua asubuhi kwa sabuni ya kunukia. Kwa asiyejua, mondo ni ule mfuko wa hewa ulio ndani ya tumbo la samaki. Wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ukikauka huwa mgumu, wa rangi ya manjano, na wanunuzi huutafuta kuliko hata nyama yake. Jirani alinieleza hayo yote kwa fahari, kana kwamba amenianikia dhahabu. Nilizirudisha shuka kwenye beseni, nikaanza kuzifua upya, na nilipofika kwenye pindo la shuka ya pili nikatapika humohumo ndani ya beseni. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili. Jirani aliniuliza kama nina mimba.

Sina mimba. Nilikulia Sori, ufuoni mwa ziwa, basi.

Watu wa rika langu waliokulia ufuoni wakikutana hupenda kuusifu utoto wao. Utawasikia wakisimulia upepo wa ziwa, omena wa kukaanga, kuogelea mpaka macho yawe mekundu. Mimi huwaacha waseme. Ninachokumbuka mimi ni matumbo ya samaki. Yalikuwa kila mahali, yanateleza chini ya ndala, yanapiganiwa na mbwa, yanaoza kwenye mtaro uliopita mbele ya mlango wetu. Magamba yalinaswa kwenye nywele zetu, kwenye kurasa za vitabu vya shule, mpaka ndani ya uji. Mama yangu alikuwa akipasua mbuta kwa tajiri mmoja wa samaki aliyeitwa Mama Jenta, na alipokuwa akinifunga vifungo vya sare asubuhi, vidole vyake vilinuka hata baada ya kuvisugua kwa ndimu na majivu. Nilikuwa nikizuia pumzi mpaka amalize. Sijivunii jambo hilo, lakini ndivyo nilivyokuwa, mtoto wa mpasua samaki mwenye kinyaa cha samaki.

Ndiyo maana karate ilinipata kirahisi. Mwalimu wetu, Sensei Ouma, alikuwa fundi wa injini za boti. Aliishi Kisumu miaka kadhaa, akarudi na mkanda mweusi ambao hakuna aliyethubutu kumuuliza aliupata wapi, akaanza kutufundisha jioni nyuma ya karakana ya mafundi wa boti, penye lundo la unga wa mbao. Lundo hilo ndilo lililokuwa godoro letu. Suti zetu zilishonwa na fundi wa sokoni kutokana na mifuko ya unga wa ngano, na ukimtazama mtu vizuri mgongoni ungeweza bado kusoma uzito wa unga. Mikanda ilikuwa vipande vya kamba ya nyavu. Lakini suti ilikuwa nyeupe, na mtu akiruka alikuwa hagusi kitu chochote, si tope, si damu, si utumbo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na hilo lilinitosha kabisa.

Teke tulilolitamani sote liliitwa kimbunga. Unasimama ubavu, unamgeuzia adui mgongo, goti la kushoto linapanda kukuvuta juu, unaruka kwa mguu wa kulia, na huohuo wa kulia unazunguka hewani na kupiga kabla hujatua kwa wa kushoto. Adui wetu alikuwa ndala kuukuu iliyofungwa kwenye ncha ya kasia. Sensei alilishika kasia kwa mkono ulionyooka, mwanzoni usawa wa kiuno, kisha kifua, na kwa waliokuwa hodari usawa wa kichwa.

Wavulana wawili waliipiga ndala hiyo katika wiki za mwanzo. Mimi nilianguka. Nilianguka kwa makalio, kwa ubavu, kwa kidevu. Unga wa mbao uliniingia puani nikawa napiga chafya za kahawia mpaka usiku. Mara nyingine nilizunguka nusu tu, nikatua nikiwa nimempa ndala mgongo, na wenzangu wakavunjika mbavu kwa kucheka.

“Akoth, kichwa kwanza,” Sensei aliniambia kila jioni. “Mbona unaangalia chini? Kwani umeangusha kitu?”

Sikumwamini. Nilidhani hilo la kichwa ni maneno tu, ya kuwapumbaza wasichana, na kwamba siri yenyewe amewanong'onezea wale wavulana. Jambo moja tu alilolisema liliniingia akilini. Alisema mtu akiruka avute hewa, kwa sababu hewa ndiyo inayombeba. Na wiki hiyohiyo, darasani, mwalimu wa sayansi alichora samaki ubaoni, akachora na mfuko tumboni mwake, akatueleza kwamba samaki haendi chini kwa sababu ya hewa iliyomo humo. Darasa zima lilicheka, maana nani Sori hajui mondo? Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeipata siri.

Msije mkanicheka na nyinyi. Mtoto yeyote wa kule anajua kwamba ukitaka kuogelea unameza kisamaki kibichi, tena kikiwa hai. Nilikimeza changu nikiwa na miaka sita, kadogo kama msumari, kakanitekenya koo kakishuka, na kabla ya mwezi kuisha nilikuwa naogelea. Kwamba katika mwezi huo nilishinda majini kutwa nzima, hilo sikulihesabu. Kwangu mimi jambo lilikuwa limethibitishwa. Kama samaki mzima hukupa kuogelea, basi kile kinachomwinua samaki kitakupa kuruka. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo mtoto mwenye akili timamu angefikia uamuzi huo.

Kuipata mondo hakukuwa kazi. Baada ya shule nilikuwa namsaidia Mama kubeba matumbo kwenda kuyamwaga. Kila mbuta aliyepasuliwa, mondo yake ilitupwa kwenye ndoo ya buluu iliyokaa miguuni pa mpasuaji, kila mpasuaji na yake, na hizo zilikuwa mali ya Mama Jenta, haziguswi. Nilichagua ndogo, ya samaki mchanga, urefu wa kidole gumba, nikaificha kwenye kiganja na kwenda nayo nyuma ya choo cha soko.

Hata leo nikiandika haya ulimi unanikauka. Ilikuwa baridi, laini, na ina utando wa damu upande mmoja. Niliposhika ncha yake ilivutika, nilipoiachia ikarudi. Nilifunga macho, nikaitia mdomoni, na ikakataa kwenda. Ilikwama kooni, ncha moja imeshuka na nyingine bado iko kwenye ulimi, na nilipojaribu kuitoa iliniponyoka vidoleni kwa ute. Machozi yalinitoka. Ladha yake haikuwa kali, ingekuwa afadhali ingekuwa kali. Ilikuwa ladha ya maji ya ndoo. Nikajikaza kisabuni, nikameza mara tatu, ikashuka. Halafu nikakimbilia karate.

Jioni hiyo niliipiga ndala.

Leo, nikiwa mtu mzima, najua kilichotokea. Mtu aliyejaa kichefuchefu hathubutu kuangalia chini. Nilitembea kidevu kikiwa juu, shingo imekakamaa, nikihofia kwamba nikiinama tu kitu kitarudi. Kwa mara ya kwanza kichwa changu kiligeuka kabla ya mwili, macho yakaiona ndala mapema, goti likapanda, na mguu ukaenda wenyewe. Ndicho alichokuwa akikililia Sensei muda wote huo. Lakini wakati ule nilisimama kwenye unga wa mbao nikishika tumbo langu kwa heshima, nikajua ni mondo.

Nikaendelea. Kila nilipotaka kupanda hatua nilimeza nyingine. Ndala ikapandishwa kifuani, nikaipiga. Nikajifunza kutua bila kishindo, kwa ncha ya mguu kwanza. Nikajifunza kuchelewesha teke, kukaa hewani ule muda mfupi ambao watazamaji wanadhani umesahau kupiga, kisha ndiyo piga. Sensei aliacha kunipigia kelele. Wavulana waliacha kucheka. Ndala ilipofika usawa wa kichwa cha Sensei nilikuwa nimemeza mondo tano, na nilikuwa nikijiona mtu asiye wa ardhini tena. Kinyaa hakikupungua hata kidogo, nikadhani hiyo ndiyo gharama yake.

Kisha Sensei akatutangazia kwamba Jumamosi atakuja kocha kutoka Homa Bay kuchagua watoto watakaokwenda kufanya mazoezi huko wakati wa likizo. Huko kuna ukumbi wenye sakafu na magodoro ya kweli, alisema, na suti za kununuliwa dukani. Mgeni wa heshima angekuwa Mama Jenta, kwa kuwa ndiye aliyeahidi soda na mkate. Sikulala vizuri kwa furaha. Jumanne nikaiba mondo mbili kwa mpigo, moja ya siku hiyo, na moja kubwa kuliko zote, ya Jumamosi. Ile kubwa niliitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia lenye maji ya chumvi, nikalifukia kwenye unga wa mbao.

Jumatano nilitoka shule nikakuta umati kwa Mama Jenta. Mbuta mmoja ana mondo moja, hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo, na Mama Jenta alikuwa ameifanya. Zilizokosekana zote zilikuwa za meza ya Mama yangu. Mama Jenta hakupiga kelele. Alikuwa ameketi kwenye kreti akijipepea kwa kifuniko cha ndoo, akawaagiza wanawake wawili, wapasuaji wenzake Mama, wampekue.

Nilisimama nyuma ya mizani. Walimfungua leso, wakaikung'uta. Wakamfungua blauzi, na kwa haraka yao wakakata kifungo. Walimpapasa kwapani, wakaingiza mikono kwenye sidiria, mikono ileile iliyotoka kwenye matumbo ya samaki, wakamfumua hata nywele. Mama alikuwa ameinua mikono juu, magamba yamemshika hadi kwenye viwiko, anatazama ziwani. Wanaume waliokuwa wakipima samaki waliacha kupima. Mmoja alisema jambo, wengine wakacheka kwa pua. Na mimi, kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, kilikuwa kinyaa. Nilimwonea kinyaa mama yangu mwenyewe, kwa jinsi alivyosimama pale na ngozi yake na magamba. Hicho ndicho kinachonichefua kuliko mondo zote.

Hawakupata kitu. Mama Jenta akamwambia asirudi mpaka mondo zake zirudi.

Ningeweza kusema. Kopo lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, ningelifukua na kumpelekea. Lakini Sensei angejua, na Jumamosi isingekuwa yangu, na huko Homa Bay wangekwenda wale wavulana wawili. Nilijiambia nitasema Jumapili. Siku mbili zilizofuata Mama alishinda nyumbani akifua nguo ambazo hazikuwa chafu, na jioni tulikula ugali na mboga tu. Kile kifungo hakukirudisha. Alitumia pini.

Asubuhi ya Jumamosi nililifukua kopo. Nilipolifungua, harufu ilinipiga hadi nikarudi nyuma. Ile mondo ilikuwa imevimba, imegeuka kijivu, maji yamekuwa mazito. Mtu mwenye moyo angeimwaga. Mimi niliifinya maji, nikaikunja mara mbili, nikaimeza kwa uji wa baridi niliokuja nao kwenye chupa, na ilichukua muda mrefu kushuka.

Watu walijaa. Kocha wa Homa Bay alikuwa mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni. Mama Jenta aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki, viatu vyeupe, chupa ya soda mkononi. Mama yangu alikuja pia, kwa kuwa hakuwa na kazi ya kumzuia, akasimama nyuma kabisa. Zamu yangu ilipofika Sensei alinyanyua kasia mpaka mkono ukanyooka juu ya kichwa chake, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amewahi kupafikia. Nikavuta hewa. Nikageuza kichwa, goti likapanda, nikakaa hewani, nikapiga. Ndala ilikatika kamba ikaruka mpaka kwenye paa la karakana. Nilisikia watu wakishangilia, na kocha akashika filimbi bila kuipuliza. Akaniambia nirudie bila ndala, mara mbili mfululizo, ili aone ninavyotua. Nikapiga la kwanza. Nikapiga la pili, nikatua kwa ncha ya mguu mbele ya kiti cha Mama Jenta, na tumbo langu halikutua nami.

Kwanza ulitoka uji. Halafu, nikiwa nimepiga magoti, ikaanza kutoka yenyewe, polepole, nikaisikia ikipita kooni kwa njia ileile iliyoshukia, ndefu, yenye ute, mpaka ikadondoka kwenye kiatu cheupe na kukunjuka. Hakuna mtu ufuoni pale aliyehitaji kuambiwa ni nini. Watoto wakaanza kucheka, kisha wote.

Mama Jenta hakucheka. Aliinama, yeye ambaye hata funguo zake zikianguka aliokotewa, akaichukua kwa vidole viwili, akaimwagia soda iliyobaki kwenye chupa, akaigeuza huku na huku kwenye jua.

“Hii ni yangu,” akasema.

Akaifunga kwenye karatasi ya mkate, akaitia mkobani. Nimeona mengi ya kutapisha maishani, nimeuguza watu, nimezaa, lakini sijaona kitu kichafu kama ule mkoba ukifungwa zipu. Kisha akamtafuta Mama kwa macho, akampata kule nyuma. “Kumbe ni mtoto,” alimwambia, sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyekosea bei. “Kuja Jumatatu.” Mama akajibu, sawa. Hakuombwa radhi, na wale wanawake wawili walikuwa wakitazama vidole vyao vya miguu.

Kocha alinichagua hata hivyo. Alisema teke ni zuri, tumbo ndilo baya, na watu wakacheka tena. Nilikwenda Homa Bay likizo mbili, nikaruka juu ya magodoro ya kweli, bila mondo, na nikagundua kwamba naweza vilevile. Nilijisikia mjinga kupita kiasi. Likizo ya tatu sikwenda, na sijaruka tangu hapo.

Siku ile tulitembea hadi nyumbani, Mama mbele, mimi nyuma na suti yangu iliyolowa. Alinipa maji nisukutue, akanipa ya kuoga, akaitia suti kwenye karai. Nilingoja kupigwa. Alikaa kitandani, na akasema nami kwa Dholuo, polepole, kama anayeuliza njia.

“Siku ile waliponivua, ulikuwa wapi?”

“Nyuma ya mizani.”

“Uliona?”

“Niliona, Mama.”

“Na ulikuwa unajua.”

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa mara moja, akainuka kwenda kufua.

Heri angenipiga. Nyumba yetu ilikuwa ya chumba kimoja, wawili tu, na tangu nizaliwe Mama alikuwa akibadilisha nguo mbele yangu bila kufikiri, akijipaka mafuta huku ananiuliza habari za shule, akinigeuzia mgongo nimsugue pale ambapo mkono wake haufiki. Jioni ile, kabla ya kuvua blauzi yenye pini, aliniambia nitazame ukutani. Nikadhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake akasema hivyo tena, na keshokutwa, na nikawa msichana wa sekondari, nikawa mwanamke, bado ni hivyohivyo, kwa upole, bila kinyongo chochote katika sauti.

Mwaka jana alilazwa Migori, upande mmoja wa mwili umelegea, hawezi kuinua mkono. Nilisafiri kutoka Rongo alfajiri. Nilipasha maji, nikayapima joto kwa kiwiko, nikaja na sabuni na kitambaa laini, nikavuta pazia kuzunguka kitanda. Alinishukuru kwa kuja. Kisha akaniomba niweke beseni chini, nitoke nje, tumngoje nesi.